Basi Lisilo na Gurudumu Linasubiri Mkia

Haya, msomaji, kaa vizuri nikutegee. Ninalo basi. Halinywi mafuta, halina gurudumu hata moja, lina miguu mingi kumshinda jongoo, na kila likiondoka linaimba. Ni basi gani hilo?

Ukishindwa, mji wako sitauchukua. Nifuate tu mpaka kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, kabla mwenye duka hajafungua, ulione mwenyewe.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Mwanamume mrefu mwenye mvi za kidevuni anakunjua kamba nene ya rangi ya chungwa na kuilaza chini kandokando ya ukuta. Kamba ina mafundo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila fundo limefungwa kitambaa cha rangi yake. Watoto wanafika wawiliwawili, nyuso zinang'aa mafuta, na kila mmoja anakwenda moja kwa moja kwenye fundo lake kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Shika vizuri," anawaambia. "Na wewe, kamba si mswaki, itoe mdomoni."

Basi ndilo hilo. Yeye mtaa mzima unamwita Dereva, na wanaomfahamu jina lake halisi ni mkewe na watu wa kitambulisho.

Leo basi karibu limejaa lakini haliondoki. Fundo la mwisho kabisa, lenye kitambaa chekundu, halina mtu. Ni fundo la mtu mzima, wa kutembea nyuma ya watoto na kuhakikisha hakuna anayebaki. Watoto humwita kondakta. Dereva yupo. Kondakta hayupo.

"Saa moja kamili ikinikuta hapa, basi tena," anasema Dereva, akiitazama barabara huku na huku. "Kwa miguu hii midogo sitaiwahi kengele. Na Mwalimu Mkuu ameshasema: kama leo sikufika na mtu mzima mkiani, kamba inarudi nyumbani, na haitoki tena."

Anapanguza mikono kwenye suruali. Mikono ni mikavu, lakini anaipanguza.

Kwa miaka mingi alikuwa dereva kweli. Aliendesha gari dogo la shule, akichukua watoto asubuhi na kuwarudisha mchana. Kisha gari likafa. Si kuharibika, kufa. Anasema fundi alipofungua boneti alivua kofia.

Shule haikuwa na uwezo wa kununua jingine. Wazazi wenye magari wakaanza kupeleka watoto wao mmoja mmoja, gari zima kwa mtoto mmoja na chupa yake ya maji. Wasio na magari wakawaacha watoto wajiendee. Ikawa kila asubuhi lango la shule limezibwa na magari yanayogeuza, na katikati ya magari hayo ndimo wanamopita wale watoto wa miguu.

"Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani," anasema, "nina kamba ya kuvutia gari, na gari la kuvuta sina."

Ndiyo hii hii ya rangi ya chungwa. Aliipiga mafundo sebuleni, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akashona vitambaa kwa mabaki ya sare za shule. Siku ya kwanza walitoka na watoto wachache wa majirani. Mtaa ulicheka. Baba mmoja mwenye gari jeupe alishusha kioo akapaza sauti: "Mzee, unawapeleka mnadani? Wangu mimi si mbuzi, hafungwi kamba!"

Dereva alimjibu, "Hafungwi, bosi, anashika mwenyewe," akaendelea na safari.

Lakini kamba ilizidi kurefuka. Mama aliyekuwa akimwendesha mwanawe aligundua kuwa akimwacha ukutani anapata muda wa kunywa chai akiwa ameketi. Mwingine akamfuata. Wazazi humlipa kila wiki, mtu na anachoweza. "Wengine wananilipa vizuri," anasema Dereva. "Wengine wananisalimia vizuri."

Mlinzi wa lango la shule anasema tofauti aliiona kwa masikio. "Nilianza kusikia ndege asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia matusi ya watu waliovaa tai."

Na mambo yangeendelea hivyo, lau si honi.

Hilo nalo ni jambo la dereva. Mtu aliyezoea usukani hawezi kukaa mikono mitupu. Dereva alitafuta honi ya mpira, ile ya baiskeli, akaitundika shingoni. Akawafundisha watoto. Honi moja, twende. Honi mbili, simama papo hapo, usisogeze hata ukucha. Aliwafundisha kwa subira, na wao wakafundishika. Ukipiga mbili, hata aliyekuwa anapiga chafya anaimalizia akiwa amesimama kama nguzo.

"Nilijisifu," anasema. "Watu walikuwa wanasimama kututazama. Nilijiona nina basi lenye breki kuliko mabasi yote ya mji."

Jumanne iliyopita walifika kwenye kivuko chenye mistari myeupe, mbele ya kituo cha mafuta. Dereva alisimamisha magari kwa mkono, akatangulia, na kamba ikamfuata. Nyuma alikuwa msichana wa darasa la juu, kwa kuwa wakati huo kondakta alikuwa yeyote mwenye miguu mirefu. Mbele yake, kwenye fundo la mwisho la watoto, alikuwa msichana mdogo wanayemwita Maswali.

Jina hilo amelitafuta mwenyewe. Huyu ndiye aliyewahi kumuuliza Dereva kama jua nalo lina dereva, na kama linaye, mbona halichelewi.

Gari jeupe lilichomoza kutoka kwenye kituo cha mafuta. Baba yule yule, na binti yake kiti cha nyuma. Alikuwa amechelewa. Aliiona kamba inakaribia kumaliza kuvuka, akahesabu kichwani kuwa mpaka yeye afike, mkia utakuwa umeshapita. Hakupunguza mwendo. Ili wakaze mwendo kidogo, akapiga honi.

Akapiga mbili.

Watoto wote wakasimama. Katikati ya barabara, papo hapo, hata ukucha haukusogea.

"Mimi nilikuwa nimeshafika ng'ambo," anasimulia Dereva, na sauti yake inashuka. "Nikageuka. Nawaona wamesimama wima kama nilivyowafundisha. Gari linakuja. Honi ninayo mkononi. Nikipiga moja watakwenda. Moja tu! Lakini mkono ulikufa ganzi. Nakuapia, wakati ule sikukumbuka moja ni nini na mbili ni nini."

Breki zililia. Gari likasimama bampa likiwa limegusa begi la Maswali, mgongoni. Mkanda wa begi ulikatika. Daftari lilianguka chini. Maswali mwenyewe hakuanguka, wala hakulia, wala hakugeuka. Alibaki amesimama akitazama mbele, akisubiri honi moja.

Baba wa gari jeupe alitoka, funguo zikamponyoka. Nilipomuuliza siku mbili baadaye alinijibu bila kunitazama machoni. "Mama, sikuwa na nia mbaya. Mimi nilipiga honi ili waharakishe. Ningejuaje kwamba kwao honi ndiyo breki?"

Kweli, angejuaje.

Mama yake Maswali ni msafishaji wa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Habari ilimkuta anaingia nyumbani, viatu vya mpira bado mguuni. Aligeuza pale pale mlangoni. Alimkuta Dereva langoni pa shule, akamwambia maneno ambayo mlinzi anasema hatayasahau.

"Mimi nilikupa mtoto mwenye macho mawili. Wewe ukamfundisha kuyafumba na kutii honi. Honi ya mtu yeyote! Ningekuja kufuta damu yake kama ninavyofuta ya wenzangu wodini?"

 Mlinzi anasema Dereva alitazama chini kama mwanafunzi.

Kamba ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Kesho yake magari yakarudi langoni, na mengine mapya. Watoto wasio na magari wakarudi katikati ya matairi. Alhamisi gari moja lilirudi nyuma likamwangusha mvulana na baiskeli yake, akachubuka magoti. Mama yake Maswali, kwa kuwa hamwamini mtu tena, akaanza kumpeleka mwanawe mwenyewe, akitoka tu zamu, macho mekundu, anatembea kama anayepanda ngazi.

Maswali aliacha kuuliza maswali. Mwalimu wake ndiye aliyeligundua hilo kwanza.

Ijumaa Mwalimu Mkuu aliita wazazi. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, kila mtu amekunjwa kama kiti cha harusi. Baba wa gari jeupe alisema kamba ni hatari. Mama mmoja akamuuliza, "Kamba ndiyo iliyokuwa inaendesha gari?" Kukawa na kelele mpaka Mwalimu Mkuu akagonga ubao.

Dereva alisimama, akaivua honi shingoni, akaiweka juu ya meza ya mwalimu.

"Hii ilikuwa ya kwangu mimi," alisema. "Haikuwa ya watoto. Sitaigusa tena."

Mwalimu Mkuu ni mwanamke asiyepoteza maneno. Alisema kamba inaweza kurudi Jumatatu, kwa sharti moja. Mkiani awe mtu mzima, kila siku ya shule, na asiwe wa kuokoteza njiani. Kisha akauliza, "Nani atashika mkia?"

Ghafla kila mtu akakumbuka simu yake. Mwingine akaanza kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mama yake Maswali alikuwa ameketi nyuma kabisa, mikono imefumbatwa, anatazama dirishani.

"Basi," akasema Mwalimu Mkuu, "mwenye jibu alilete ukutani Jumatatu. Asipokuwepo, tumemaliza."

Jumamosi Dereva hakukaa. Aliwakusanya watoto uani kwake, palipoanikwa nguo, akachora barabara kwa mkaa. Mkewe akawa ndiye magari, ana mfuniko wa sufuria na mwiko.

Akapiga mara mbili: ngwe-ngwe! Watoto wote wakaganda.

"Mmekufa wote!" akasema mkewe. "Nimewakanyaga na chai yangu mkononi. Rudini!"

Wakarudi. Sharti jipya lilikuwa hili: hakuna wa kuwaambia simama wala twende. Kila mtoto ageuze shingo yake mwenyewe, aone, aseme kwa sauti alichokiona. Kulia pikipiki! Kushoto hakuna! Na wakishaingia barabarani, hata mbingu zipige honi, wamalize kuvuka.

Mara ya pili mfuniko ulipolia waliganda nusu yao. Mara ya tatu mmoja tu, naye alijitetea kuwa alikuwa anajikuna. Kufikia adhuhuri mkewe alikuwa anapiga mfuniko mfululizo, amekaukiwa koo kwa kucheka, na watoto wanapita mbele yake wakipiga kelele "Kulia mama! Kushoto kuku!" bila kusimama.

"Usiku ule alilala," mkewe ananiambia. "Tangu Jumanne alikuwa ananikamata bega usingizini, anakunja vidole kama anayeminya kitu. Nikamwambia, mume wangu, honi umeiacha shuleni, niachie bega langu."

Sasa ni Jumatatu, na saa moja inakuja mbio.

Maswali hayupo kwenye kamba. Wengine karibu wote wapo. Dereva ana mipango, na anaisema haraka haraka kama mtu anayeogopa itamchachia mdomoni. Akipata mkia, anataka kamba ya pili kwa watoto wa upande wa reli. Anataka wazazi wenye magari wakubali kuishia huku ukutani, magari yasifike langoni kabisa. Ameshaongea na mwenye duka, amekubali wasimame kwake mpaka atakapofungua. Kila kitu kimekubali isipokuwa mtu mmoja wa kushika fundo jekundu.

"Mkeo je?" ninamuuliza.

"Goti lake. Akitembea mpaka shuleni, kurudi nitambeba. Na kumbeba mke wangu ni kazi ya gari lile lililokufa."

Watoto wanaanza kuchoka. Mmoja anaomba ategewe kitendawili. Dereva, macho barabarani, anawategea: "Nalala naye, naamka naye, jua likiwaka ananifuata, wingu likija ananitoroka."

"Kivuli!"

"Mmezidi ujanja. Mtanifilisi."

Dakika zinakwenda. Muuza magazeti anapita. Dereva anamtazama kwa matumaini, naye anaongeza mwendo. Baba mmoja anamwacha mwanawe na kuondoka kinyumenyume, mkono kifuani, "Kesho, mzee wangu, kesho kweli." Kesho haimsaidii mtu.

Kisha gari jeupe linatokea kwenye kona.

 Linakuja polepole, linasimama kando ya ukuta, kioo kinashuka.

"Dereva."

"Bosi."

Baba anatoka. Amevaa tai. Anaitazama kamba kutoka mwanzo mpaka kwenye kitambaa chekundu, na kila mtu anaona anachokitazama. Dereva ananyoosha mgongo. Hata mimi, nikiri, nimeshaanza kushukuru moyoni.

"Nina kikao," baba anasema.



"Nina kikao saa moja na nusu, siwezi. Lakini..." Anafungua mlango wa nyuma. Binti yake anashuka, begi limemfunika mgongo mzima. "Huyu mchukue. Tangu Jumanne hataki kuingia garini. Leo nimemwingiza kwa kumwahidi kwamba namleta hapa."

Binti anauliza kwa sauti ndogo, "Nishike fundo lipi?"

"La kijani, mwanangu," anasema Dereva. "Lilikuwa linakusubiri."

Baba anasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha anaingia garini na kugeuza palepale. Haendi langoni. Gari moja limepungua pale shuleni, na mtoto mmoja ameongezeka hapa, lakini mkia bado ni mtupu. Sasa wa kuachwa wameongezeka.

Saa ya Dereva imebakiza dakika chache. Anainama, anashika ncha ya mbele ya kamba, na ninaona anataka kuanza kuikunja.

Ng'ambo ya barabara anatokea mwanamke mwenye sare ya kazi ya rangi ya majani na viatu vya mpira, amemshika mtoto mkono kwa nguvu. Ni mama yake Maswali, ametoka zamu. Kabla ya Jumanne ile, akipita hapa kutoka kazini alikuwa anamwamkia Dereva shikamoo hata kabla hajamkaribia. Leo anapita kimya, uso mbele, kama ukuta hauna watu.

Dereva naye hamwiti. Atamwita kwa uso upi?

Wanafika mkabala na mwisho wa kamba, na hapo mtoto anagoma. Anasimama. Mama anavuta, mtoto hasogei. Anatazama kulia. Anatazama kushoto. Kisha anaangalia kitambaa chekundu kilicholala chini vumbini.

"Mama," anasema Maswali. Ni swali lake la kwanza tangu Jumanne. "Mbona hawaendi?"

"Hawana mtu wa nyuma."

"Nani atashika mkia?"

Mama anafumba macho, na kwa dakika ile anaonekana kama mtu atakayelala amesimama. Mwisho wa kamba kuna binti mwenye tai ya shule iliyopinda, ameshika fundo la kijani kwa mikono yote miwili, anamtazama. Mbele kabisa Dereva ameinama bado, hajathubutu kuinua kichwa.

Mama anamgeuza Maswali kulia, wanaangalia pamoja. Wanageuza shingo kushoto. Wanavuka. Maswali anakwenda kwenye fundo lake bila kuambiwa. Mama anaokota kitambaa chekundu, anakikung'uta vumbi kwenye paja, anakizungusha kiganjani mara mbili mpaka kinambana.

"Nitashika mimi," anasema, na anasema kwa sauti ya kufika mbele. "Si kwamba nakuamini, Dereva. Sikuamini, ndiyo maana nataka niwe nyuma yako."